Jubilei ya Mzee Oswadi Kisiwani Jangwani

Sasa nimerudi, nimelala vya kutosha, na mchanga umetoka karibu wote kwenye kamera. Ninyi mlioiona ile picha kwenye bango la kanisani mmeniuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: yule mzee mwenye koti zito anarukia nini katikati ya jangwa? Nimechoka kumweleza mmoja mmoja mlangoni mwa studio huku wateja wa pasipoti wakisubiri. Kaeni niwasimulie mara moja, yaishe.

Wa kwanza kulaumiwa ni Fidelista, mwalimu, yuko Dodoma. Wazazi wake, Mzee Oswadi na Bibi Yustina, ni wakulima wa mahindi na ulezi pale pembezoni mwa Izia, hapa Sumbawanga, na walikuwa wanakaribia jubilei ya dhahabu ya ndoa yao. Fidelista hakutaka wapigwe picha mbele ya pazia langu lenye maporomoko ya maji. Alinitumia kwenye simu picha za watalii kwenye visiwa vya mbali huko: jua kali, mchanga mweupe, hakuna mti hata mmoja, mume na mke wameshikana mikono wameruka juu.

"Dada Tumaini, nataka wazazi wangu wawe hivi," akasema.

Nikamwambia bahari iko mbali sana na Sumbawanga. Akasema hahitaji bahari. Ziwani, mbele ya kijiji cha Kipili, kuna kisiwa kikavu ambacho wavuvi wanakiita Jangwani, na kuna mtu ameweka pale miavuli ya nyasi na viti vya kujilaza, anapokea watu wa mapumziko. Gari, boti na chakula vilikuwa vimeshapangwa. Kilichobaki ni mpiga picha.

Mimi ni mtu wa picha za pasipoti, kipaimara na harusi za ukumbini. Picha za safari sikuwahi kupiga hata siku moja. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, halafu nikatangaza mtaa mzima. Bango lilikuwa limeshaagizwa, maandishi yameshapangwa, katikati pameachwa mahali pa picha. Nikirudi mikono mitupu, pale katikati pangebaki peupe mbele ya parokia nzima, na kila mtu angejua ni kazi ya nani.

Sumbawanga hadi Chala

Tuliondoka asubuhi, upepo wa Sumbawanga ukikata masikio kama kawaida yake. Dereva wetu aliitwa Gasto, mtu wa Laela, mcheshi, mwenye gari la Noah lililokwisha kuona mengi. Bibi Yustina alitoka ndani amevaa gauni la maua makubwa mekundu na njano, zawadi ya Fidelista, na juu yake kitenge mabegani. Mkononi alishika hotipoti ya ugali wa ulezi na maharage, kwa sababu Mzee hali wali wa hotelini.

Mzee Oswadi alitoka na koti. Ninaposema koti, msidhani ni la suti. Ni lile koti refu, zito, la sufu, linaloshuka mpaka magotini, ambalo wazee wa huku wanalivaa mwezi wa saba wakienda misa ya kwanza. Alikuwa amelifunga vifungo vyote mpaka kidevuni.

"Shikamoo Mzee," nikasema. "Tunakwenda kwenye joto."

"Marahaba, mwanangu. Joto liko huko. Mimi bado niko hapa."

Nikamuuliza kuhusu shati, maana Fidelista alikuwa ametuma shati la maua yale yale, wafanane. Akasema limesahaulika. Bibi akamtazama, akatazama pembeni.

Njiani nilimwonyesha zile picha za kwenye simu, apate kujua tunakwenda kufanya nini. Akaishika simu mbali kidogo na uso.

"Hawa wanakimbia nini?"

"Hawakimbii kitu, Mzee. Wamefurahi."

Akafikiri. "Mtu akishafurahi, anakimbilia wapi tena?"

Gasto alicheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo.

Chala

Mpango ulikuwa kupita Chala bila kusimama. Lakini pale barabarani alikuwa amesimama shemeji yake Mzee Oswadi, kaka wa Bibi Yustina, na akatuona. Mkishaonekana, mmeshafika. Tukaingizwa ndani, viti vikaletwa, ugali ukasongwa, na ikaja kimpumu, pombe yao ya ulezi, chungu kimoja na mirija. Mimi Mnyakyusa, niliyekulia Tukuyu, najua ukarimu, lakini ukarimu wa Chala hauna mlango wa kutokea.

Waliomba Mzee avue koti. Akakataa. Wakamsihi. Akashika kola kwa mikono miwili. Nikaona wanatazamana, halafu wanatazama begi langu jeusi lenye vyuma vya kusimamishia kamera. Shemeji akamwinamia Mzee, akamwuliza jambo kwa Kifipa, kwa sauti ya chini. Mzee akajibu kwa neno moja.

Kuanzia hapo kila kitu kilibadilika. Kimpumu ikaondolewa mbele yake, ukaletwa uji. Mama mmoja akanishika mikono, akaniambia, "Daktari, tunakuachia. Mungu akuongoze." Nikadhani ananitania. Tulipokuwa tunatoka, akakimbia nyuma yetu na kuku hai, amefungwa miguu, wa kumchemshia mgonjwa supu.

Ndani ya gari nikamwuliza Gasto kuna nini.

"Walimwuliza anapelekwa hospitali gani," akasema Gasto.

"Na yeye akajibuje?"

"Akataja hospitali."

Mzee Oswadi alikuwa anatazama mbele. Kwa Kiswahili taratibu akasema, "Huu ni wakati wa kutayarisha mashamba. Mtu mzima hawezi kusema mbele ya shemeji zake kwamba anakwenda kisiwani kujilaza kwenye kiti."

Hapo ndipo Bibi Yustina alipofungua mdomo. Alisema kwa Kifipa, kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti hata kidogo. Tulipita vijiji bado anasema. Nikamwomba Gasto anitafsirie.

"Amekasirika," akasema Gasto.

"Hayo tu?"

"Dada Tumaini, mengine yaache. Natakiwa kuwabeba tena wakati wa kurudi."

Baadaye, tuliposimama Namanyere kununua maji, Bibi aliniambia mwenyewe tukiwa tumesimama pembeni ya gari. Walipooana, Mzee alimwahidi kumpeleka ziwani. Wakafika hapa hapa Namanyere, ikaletwa habari kwamba ng'ombe anazaa vibaya, wakarudi. Hawakwenda tena. Kila mwaka palikuwa na ng'ombe, au mvua, au mtoto.

"Sikuwahi kumlaumu," akasema. "Lakini leo mbele ya kaka zangu ameona heri awe mgonjwa kuliko kusema yuko safarini na mimi."

Akapanda gari, akakaa kiti cha nyuma kabisa na kuku.

Kushuka Kipili

Kutoka Namanyere barabara inaacha uwanda na kuanza kuteremka, na joto linapanda kukupokea. Mimi nilivua sweta. Gasto alifungua vioo. Bibi alitoa kitenge mabegani. Mzee Oswadi alibaki kama alivyotoka Izia, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndevu, na kila nilipomtazama alisema, "Niko salama."

Tulipofika Kipili nilitoa kamera nipige ziwa, nikaona ukungu mtupu. Nikapangusa lenzi, ukungu ukarudi. Nilijua kamera imekufa, na mimi nimekufa pamoja nayo. Nikakaa juu ya jiwe nikiwaza nitamwambia nini Fidelista. Mama mmoja muuza migebuka, samaki warefu wa ziwa lile, aliniangalia kwa huruma akaniuliza kama nimefiwa. Nikamweleza. Akasema watu wa milimani hata miwani yao hufanya hivyo wakishuka, niiache ipate joto. Nikaiacha, na kweli, nilipomaliza samaki wake mmoja kwa limao na pilipili, kamera ilikuwa imefufuka.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni. Wazee walichukua chumba kimoja, na kupitia ukuta sikusikia neno hata moja.

Majini

Asubuhi nahodha alikuwa anatusubiri. Aliitwa Shabani, mtu mpole wa sauti nzito. Boti lake la mbao lilikuwa na injini nyuma, na ndani yake, chini, maji kidogo yakicheza huku na huku. Mzee Oswadi alisimama akayatazama yale maji.

"Hili linavuja?"

"Kidogo tu, mzee wangu," akasema Shabani. "Yote huvuja kidogo."

Angemdanganya labda tungeondoka sote. Mzee alirudi nyuma hatua kadhaa, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, akapanga pindo za koti lake vizuri. Akasema mtu lazima abaki kulinda gari. Gasto akasema yeye ndiye dereva, atalinda. Mzee akasema basi atamlinda kuku.

Bibi Yustina alimwambia sentensi moja fupi ya Kifipa. Gasto alikohoa, akaenda kuangalia matairi. Bibi akajikusanya gauni, akaingia botini kama mtu aliyezaliwa majini, hotipoti mapajani. Mimi nikabaki nimesimama katikati, mguu mmoja majini, bibi harusi upande huu, bwana harusi upande ule.

"Unakuja au huji?" Bibi akaniuliza.

Nikapanda.

Maji yalikuwa mazuri kupita kiasi, meupe chini mpaka unaona mawe. Bibi alitumbukiza mkono ndani, akautoa, akauonja. "Hayana chumvi," akasema. Nikamwambia ni ziwa, Bibi. Akasema anajua, alitaka tu kuhakikisha kwa mdomo wake.

Jangwani

Wavuvi hawakukosea jina. Ni mawe, mchanga, na mimea ya miiba iliyosimama kama vinara. Msimu huo wa ukame hata majani yalikuwa yamekata tamaa. Jua linapiga juu, mchanga unalirudisha usoni. Katikati ya ukavu huo kuna miavuli ya nyasi, viti vya kujilaza, na msimamizi mmoja aitwaye Method, aliyekuja mbio amevaa tai.

Method alikuwa ameambiwa wanakuja watu wa fungate. Alikuwa amepanga maua ya karatasi kwenye viti viwili na kuandika neno KARIBUNI mchangani kwa magamba ya konokono. Akamtazama Bibi Yustina, akanitazama mimi na suruali yangu, akachungulia ndani ya boti.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Analinda kuku," akasema Bibi.

Method ni mtu aliyefundishwa kazi, hakuuliza tena. Shabani naye akaondoka, akisema anakwenda kuongeza mafuta Kipili na atarudi baadaye kidogo. Ikawa tumebaki watu watatu jangwani na mwanga unaoharibika.

Nawaambia wenzangu mnaoshika kamera: jua la kisiwa si jua la Izia. Macho yote yanageuka mashimo meusi, pua inameremeta, mchanga unakuwa mweupe mpaka picha inapoteza kila kitu. Nilimwomba Method ashike shuka jeupe la kitandani pembeni ya Bibi ili mwanga umrudie usoni. Upepo ukaja, shuka likamfunika Method, akatembea nalo mpaka kwenye miiba. Tulitumia muda kumnasua.

Nikapiga picha kadhaa za kujaribu. Bibi hakuwa anaziangalia. Alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, mkono juu ya macho, uso ameukunja, anatazama upande wa Kipili. Nikapiga hiyo nayo, kupima mwanga tu.

Kisha nikamweleza wazo langu. Tukirudi Kipili nitampiga Mzee peke yake pale ufukweni, halafu studio nitambandika kando yake kwa kompyuta. Hakuna atakayejua.

"Unaweza kumbandika mtu mahali ambapo hayupo?"

"Naweza, Bibi."

"Basi nibandikie mwingine."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Tukaenda kivulini, akafungua hotipoti, tukala, tukampa na Method. Ugali wa ulezi chini ya mwavuli wa nyasi, mbele ya ziwa lile, sijui kama nimewahi kula kitu kitamu namna hiyo. Tulikula ukaisha.

Method ndiye aliyeliona boti. Halikuwa la Shabani, lilikuwa la kina mama wa dagaa, limejaa magunia. Juu ya magunia, katikati, alikaa mtu mnene ajabu, mweusi, asiyetikisika. Lilipokaribia nikaona ni koti, na juu ya koti jaketi la kujiokolea, na juu yake tena jaketi jingine. Macho ameyafumba, rozari mkononi, kuku kwapani. Kina mama wa dagaa walikuwa wanamwimbia nyimbo za Bikira Maria kumtia moyo, ingawa nusu yao walikuwa na mitandio ya Kiislamu.

Walimshusha kama gunia la mwisho. Akafumbua macho, akakanyaga mchanga, akaukanyaga tena kuhakikisha. Bibi Yustina alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Umefuata nini, Baba Fide?"

Mzee Oswadi alinitazama mimi, akamtazama Method na tai yake, akatazama chini.

"Chakula kiliondoka na boti," akasema.

"Kwa hiyo umefuata ugali."

"Nimefuata ugali."

"Ugali tumemaliza."

Mzee akamtazama Method, ambaye bado alikuwa na mabaki ya ugali kwenye mdomo. Halafu akasema, polepole, "Basi nimekuja bure." Na Bibi Yustina akaanza kucheka. Alicheka akashika magoti, akacheka akamvua Mzee jaketi moja baada ya jingine, na kila alipofika kwenye koti Mzee alishika vifungo na kusema hapana, hili liache.

Nilijua mwanga hauningoji. Nikawaomba wavue viatu, wasimame pale ukingoni penye mchanga wa maji. Wakasimama kama askari wawili. Nikawaomba watabasamu. Mzee akauliza kwa nini. Nikapiga, nikatazama, ilikuwa picha ya pasipoti ya watu wawili. Nikawaza, labda katikati kule penye mchanga mweupe mkavu patapendeza zaidi. Nikawaambia watembee kuelekea kwangu, wameshikana mikono, taratibu.

Mchanga ule ulikuwa umepikwa na jua tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na raba miguuni, sikuwaza. Walipiga hatua kama tatu, na ya nne hawakuikanyaga. Mzee Oswadi aliruka juu na koti lake lote, pindo zikafunguka kama mbawa. Bibi hakumwachia mkono, wakaruka pamoja, wakatua, wakaruka tena, mdomo wa Bibi wazi kwa kicheko na Mzee akisema maneno ya Kifipa kwa kasi niliyokuwa sijawahi kuisikia. Kidole changu kilikuwa kwenye kamera. Hiyo ndiyo picha ya bango.

Nilipomwuliza Bibi yale maneno yalikuwa nini, akasema, "Ya mtu anayeungua. Hayana tafsiri."

Method alimchomea Mzee samaki, Mzee akasema hali samaki mwenye macho, kisha akamla huku akitazama upande mwingine. Kuku tulimwachia Method. Shabani alirudi alasiri kutuchukua. Mzee alipanda mwenyewe, akakaa katikati, akafumba macho. Safari hii hakuwa na rozari mkononi. Mkono wa Bibi ndio alioushika.

Kurudi

Kesho yake, tulipokaribia Chala, nilimwomba Gasto akanyage mafuta tupite kabla ya kuonekana. Mzee Oswadi akasema, "Simama."

Walitoka nyumba nzima. Yule mama wa kuku alinishika mikono akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikasema kuku alikuwa mzuri. Mzee alishuka garini, akasimama mbele ya shemeji zake. Halafu akaanza kufungua vifungo. Kimoja, kingine, kingine. Akalivua koti, akampa Gasto alishike.

Ndani alikuwa amevaa lile shati. Maua mekundu na njano, makubwa kama sahani, yamelowa jasho la siku tatu na kujikunja kwapani. Alikuwa nalo tangu Izia.

Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nielewe. "Sikuwa mgonjwa. Nilimpeleka Mama Fide ziwani kupumzika. Tumejilaza kwenye viti."

Shemeji alilitazama shati, akamtazama Bibi na gauni lake, akarudi kwenye shati. "Tumesali rozari nzima usiku kwa ajili yako," akasema.

"Asante," akasema Mzee. "Niliihitaji. Boti lilikuwa linavuja."

Ilibidi tukae. Safari hii kimpumu haikuondolewa mbele yake. Mchana wote, mara kwa mara, Bibi Yustina alinyoosha mkono na kumpangusa Mzee kola ya lile shati, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Fidelista aliponipigia simu baada ya kuona picha, aliuliza kama ninaweza kulitoa koti kwa kompyuta. Nikasema naweza, lakini sitaki. Tukabishana, nikashinda. Jubilei mmeiona wenyewe, sina haja ya kueleza.

Wiki moja baadaye Mzee Oswadi alikuja studio peke yake. Alikuwa na koti, maana siku hiyo upepo ulikuwa mbaya. Akasema anataka nakala moja, si ile ya bango. Nikamfungulia zote kwenye kompyuta, akazipitia bila haraka. Zikapita za ugali, za Method ndani ya shuka, za kuruka. Akanisimamisha kwenye moja.

"Hii."

"Mzee, hiyo nilikuwa najaribu mwanga. Wewe hata hupo. Na Bibi amenuna."

"Alikuwa anatazama nini?"

"Kipili. Alikuwa anaangalia kama unakuja."

Akasogea karibu na kioo. Ni Bibi Yustina ukingoni mwa maji, mkono juu ya macho, uso umekunjwa, gauni la maua limepigwa na upepo.

"Siku zote nikichelewa," akasema, "nikifika namkuta amekaa jikoni. Ananiambia tu, kaa ule. Sikujua kama huwa anasimama hivi."

Nikamtolea nakala ndogo. Akaipuliza ikauke ingawa ilikuwa kavu, akaitia mfuko wa ndani wa koti na kufunga vifungo. Nikamkaribisha chai. Akasema siku nyingine, mwanangu, anachelewa nyumbani.